Kubadilisha paneli za kapeti kwenye Datsun 240Z, kuanzia kung'oa hadi kurudisha viti

Wadau, hii ni ya wale wenye Datsun 240Z, lile gari la spoti la Nissan la viti viwili, ambao injini wameshaitengeneza, rangi wamepiga, rimu zinang'aa, alafu ukifungua mlango wa nyuma unakutana na kapeti imepauka, kibao cha spea kimepinda na kuna harufu ya unyevu ambayo hakuna pafyumu ya gari inaiweza. Najua inavyokuwa. Mtu ananunua hii gari kwa sababu ya historia, 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally, 1973 ikashinda tena na Shekhar Mehta mzaliwa wa Kampala akiwa na Lofty Drews, tena mwaka ule Mehta alifungana pointi na Harry Källström ambaye naye alikuwa kwenye Datsun nyingine. Sasa na historia kama hiyo pesa yote inaenda kwenye ile injini ya L24 ya cc 2400 na kabureta zake, ndani panaachwa mpaka siku ya mwisho, na siku hiyo ikifika gari linapelekwa kwa fundi viti anaambiwa "nibandikie kapeti mpya", naye anabandika kweli, juu ya kibao kilichooza.

Ndo mana naandika. Kapeti yenyewe ndo kazi ndogo. Kazi ni kibao kilicho nyuma ya kapeti na maji yanayoingia bila wewe kujua, ukimaliza hayo mawili kubandika ni mchana mmoja na redio.

Kwanza tuelewane tunazungumzia vipande gani. Nyuma ya 240Z kuna kibao kinachofunika shimo la spea, kuna vifuniko vya vile visanduku vya vifaa nyuma ya viti (gari za miaka ya mwanzo ndo zinavyo), kuna kapeti ya sakafu ya buti, migongo ya tairi kushoto na kulia, minara ya shokapu (pale shokapu za nyuma zinaposhikwa juu) inayosimama pande mbili za buti, paneli za plastiki za kona, na ile paneli ya mwisho kabisa inayoficha taa za nyuma. Mbele kuna kapeti za miguuni na pembeni mwa miguu. Kiwandani tuta la giaboksi na minara ya shokapu havikuvikwa kapeti, vilivikwa vinaili (ngozi ya bandia) yenye nakshi za umbo la almasi, na hiyo vinaili bado inatengenezwa mpya. Ikiwa gari lako unalipeleka Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri pale Ngong Racecourse, basi rudisha almasi na usijadiliane na mtu, majaji wanaijua. Ikiwa ni gari la kuendesha wikendi Nyali hadi Malindi na kurudi, mimi naona kapeti nyembamba kwenye minara inapunguza kelele vizuri na haipasuki kwa jua kama vinaili. Ila ile vinaili ya zamani usiitupe hata kama imechanika, ndo patani yako na pia siku ukiuza gari mnunuzi ataiulizia.

Kabla hujaagiza seti ya kapeti kutoka nje soma hapa vizuri. Soko kubwa la hizi gari lilikuwa Marekani, kwa iyo seti nyingi zinazouzwa mtandaoni zimekatwa kwa usukani wa kushoto. Ukiletewa hiyo, ile raba ya kisigino iko upande wa abiria na matundu ya pedali hayaendani na kwako. Vipande vya nyuma vinaingia bila shida, vya mbele ndo taabu. Agiza ya usukani wa kulia, Japani, Australia na Uingereza wanaendesha kama sisi, na uandike kwa maneno kamili kwenye oda, usidhani wanajua. Alafu kama yako ni 260Z, lile toleo lililofuata, ya viti vinne, ile chesisi yake ni ndefu na nyuma yote ni tofauti, usinunue ya viti viwili ukasema utanyoosha. Mimi binafsi vipande vya nyuma naona bora ukate mwenyewe hapa hapa, kapeti ya gari ya kukata kwa mita unapata, plywood unapata, na fundi wa cherehani nzito wapo, seti nzima ukiongeza usafiri na ushuru inakuwa hela ya kuchorea rangi bonet.

Haya, vifaa. Spana za milimita, 10 na 12 zinafanya sehemu kubwa ya kazi. Bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa kwenye skrubu, sio ile iliyolika ncha. Bisibisi pana bapa iliyozungushiwa tepu kwa ajili ya klipsi. Blodrai ya saluni, hiyo muombe mkeo au dada yako kwa adabu maana itarudi na harufu ya gundi. Kisu cha wembe na wembe wa akiba nyingi, mkasi wa fundi nguo, msharasi wa fundi viatu, chaki, boksi kubwa la TV au friji, plywood ya milimita 3, vanishi, gundi ya kontakti ya joto kali na brashi ya bei ndogo. Barakoa pia, kapeti ya miaka hamsini ina vumbi na ukungu na mavi ya panya, sitanii.

Anza kwa kuchomoa betri. Alafu toa viti, kila kimoja kina bolti nne, na ukivitoa fagia chini yake ndo utapata hela za zamani na skrubu zilizopotea tangu enzi hizo. Piga picha kila kitu kabla hujagusa, karibu na mbali, hasa mpangilio wa kipande gani kinalalia kingine. Skrubu weka kwenye vikopo na uandike jina la paneli, zamani tulikuwa tunatumia vimfuko vya nailoni lakini tangu marufuku ya 2017 Kenya havipo tena, vikopo vya dawa ni vizuri zaidi havimwagiki.

Paneli za plastiki za kona ndo za kuogopa. Hii plastiki imekaa juani chini ya kile kioo kikubwa cha nyuma miaka na miaka, imekauka, ukiivuta asubuhi ikiwa baridi inapasuka kwenye tundu la skrubu. Ipashe na blodrai kidogo au fanya hiyo kazi saa nane mchana gari likiwa limeshapata jua. Na usivute kamwe kwa kushika ukingo wa kapeti, unang'oa kapeti na klipsi inabaki ukutani. Ingiza ile bisibisi bapa nyuma ya paneli mpaka uguse klipsi yenyewe, ndo ubinue, moja moja. Klipsi zitavunjika, hilo kubali mapema. Beba moja iliyo nzima uende nayo dukani, pima upana wa tundu la bodi na urefu wa shingo ya klipsi, klipsi za Nissan na Toyota za siku hizi zikilingana vipimo hivyo viwili zinashika vizuri tu, hakuna haja ya kutafuta ya Datsun.

Bolti za mikanda ya usalama weka peke yake kabisa. Nyuzi zake sio sawa na bolti nyingine za gari, ukijaribu kulazimisha bolti nyingine pale unaharibu nati iliyochomelewa ndani ya bodi na hiyo sio nati ya kuchezea.

Ukishatoa paneli ya upande wenye kifuniko cha petroli utaona mipira, ule mnene wa kujazia na ile myembamba ya mvuke. Iminye kwa vidole. Ikiwa imekuwa migumu au ina mipasuko midogo, badilisha sasa hivi wakati pako wazi. Watu wanahangaika na harufu ya petroli ndani ya 240Z miaka, wanabadilisha kapeti wakidhani kapeti ndo imenyonya harufu, kumbe ni mpira pale nyuma. Tumia mpira wa petroli, sio wa maji.

Sasa gari liko uchi ndani. Hapa usikimbie. Muite mtu akae buti na tochi, alafu wewe mwagia maji ya mpira nje, taratibu, kuanzia chini kwenda juu ili ujue panapovuja ni wapi hasa. Anza na taa za nyuma, gasketi zake ndo mshukiwa namba moja, maji yanapita nyuma ya taa yanateremka mpaka shimo la spea na kukaa humo. Alafu raba ya mlango wa nyuma, alafu vioo vya pembeni, mwisho kioo cha mbele. Na hiyo raba ya mlango wa nyuma na gasketi za taa si maji tu, hizo ndo njia moshi wa ekzosti unarudi ndani ukiendesha, hii gari inajulikana kwa hilo dunia nzima. Kwa iyo ukibadilisha raba unapata faida mbili. Usibandike hata inchi moja ya kapeti kabla hili jaribio la maji halijatoka kavu. Sisi watu wa pwani ndo kabisa, hewa yenyewe ina chumvi, kapeti ikilowa Mombasa haikauki ni kama umeweka spongi ya chumvi juu ya bati.

Sakafuni utakuta zile shiti za lami walizobandika kiwandani kuzuia kelele. Zikiwa zimeshika vizuri na hazina mipasuko ziache. Zikiwa zimepasuka ama zinatoa sauti ya utupu ukigonga, maji yameingia chini yake na kutu inakula polepole, zitoe. Pasha na blodrai, kwangua na patasi butu, pasha tena, kwangua. Kazi chafu na inachosha na hakuna njia ya mkato, mabaki futa na petroli kidogo kwenye kitambaa huku milango yote iko wazi na hakuna anayevuta sigara. Angalia shimo la spea, kona za sakafu chini ya miguu, na ile pembe ya chini nyuma ya mlango kabla ya tairi la nyuma. Kutu ya juu juu unapiga brashi ya waya, dawa ya kutu, praima, rangi. Ikiwa bisibisi inapenya, hapo ni kuchomelea, na kumbuka tangi la petroli liko chini ya sakafu ya buti, hakuna fundi anayechomelea pale tangi likiwa mahali pake, akikwambia ataweka kitambaa cha maji mwambie asante na uondoke na gari lako.

Tufike kwenye vibao vyenyewe, hapa ndo pa kutulia.

Vibao vya zamani ni vya hadibodi, ile ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Ikipata maji inavimba kingo, inapinda, alafu haishiki skrubu. Usirudishe hadibodi. Plywood ya milimita 3, ikiwezekana ile ya mashua, inatosha kwa paneli za kusimama. Kibao cha spea kinabeba mizigo, kwa iyo chukua ya milimita 6, ila pima kwanza kama kimo kinaruhusu, maana ukiongeza kapeti juu yake kisije kikawa juu kuliko sakafu ya jirani ukawa na ngazi katikati ya buti.

Patani: kama kibao cha zamani bado kina umbo, kiweke juu ya plywood na uchore kwa penseli, lakini chora ukijua kwamba kimevimba, kingo zake si za kweli. Kama kimeoza, tumia lile boksi la TV. Kata kipande kikubwa kuliko nafasi, sukuma ndani, punguza kidogo kidogo na mkasi, pale ulipokata kupita kiasi ongeza kipande na tepu. Ukipata patani ya boksi inayokaa yenyewe bila kushikwa na mkono, ndo umepata. Na fanya kushoto na kulia mbali mbali, usigeuze patani ya kushoto ukasema ndo ya kulia, hizi bodi za miaka ya 70 na matengenezo ziliyopitia pande mbili hazilingani kabisa, weka futi uone.

Ukihamishia kwenye plywood, kata ndogo kuliko patani, kama milimita 2 au 3 kila upande. Kapeti itakunja ukingo na kurudi nyuma, unene wake ndo unajaza hiyo nafasi. Ukikata saizi kamili paneli haitaingia baada ya kuvaa kapeti, ama itaingia kwa kupigwa ngumi na itapinda. Kapeti yako ikiwa nene punguza zaidi, kunja kipande cha kapeti kwenye ukingo wa mbao na upime kwa rula, usikisie. Toboa matundu yote ya skrubu na klipsi sasa, kibao kikiwa kitupu, kijaribishe kwenye gari, kifunge kabisa na skrubu zake. Alafu kitoe upige msasa kingo ziwe mviringo kidogo, kingo kali inakata kapeti. Kisha vanishi, pande zote mbili, na kingo mara mbili, na ndani ya kila tundu uchovye brashi. Maji huwa yanaingilia kwenye tundu na kwenye ukingo, sio katikati ya ubao. Acha ikauke mpaka isinuke.

Kapeti sasa. Ziko za vitanzi, ambazo nyuzi zake zinarudi chini kama vipete, na ziko za nyuzi zilizokatwa juu, laini ukipitisha mkono. Kwa gari la umri huu za vitanzi zinaonekana sawa zaidi machoni, za kukatwa zinafanya ndani paonekane pa gari la juzi. Iwe ipi, pitisha kiganja uone manyoya yanalala upande gani, alafu nyuma ya kapeti chora mishale ya chaki mingi. Vipande vyote vilale upande mmoja kwenye gari, manyoya yaelekee nyuma ama yaelekee chini. Ukichanganya, rangi moja itaonekana rangi mbili jua likipiga, na utakuwa umeshabandika.

Kata kapeti iwe na ziada ya sentimita 4 kuzunguka kibao. Gundi ya kontakti inapakwa pande zote mbili, kwenye mbao na kwenye mgongo wa kapeti, na inaachwa ikauke mpaka ukigusa kwa kidole hainati kwenye ngozi ila unaisikia bado hai, kopo litakwambia dakika ngapi, siku ya joto ni chini ya hapo. Siku ya mvua ama asubuhi yenye unyevu mwingi utaona gundi inafanya utando mweupe juu, huo ni unyevu wa hewani umeganda juu yake wakati dawa inapaa, haitashika, subiri mchana au siku nyingine. Na nunua gundi iliyoandikwa ya joto kali. Gari lililofungwa juani linaweza kupita nyuzi 60 ndani, na kwenye 240Z kile kioo cha nyuma kimelala kabisa juu ya buti, gundi ya viatu ya kawaida inalainika, kapeti inaanza kulegea juu ukutani.

Gundi hii haina kujirekebisha, ikigusana imeshika. Kwa iyo kabla ya kugusanisha weka vijiti vyembamba au karatasi za kuokea keki katikati, laza kapeti juu yake, panga sawasawa, alafu toa karatasi ya katikati, bonyeza, toa ya pembeni, bonyeza, ukielekea nje. Sugua na kiganja kwa nguvu ama tumia chupa ya soda ya glasi ukiiviringisha.

Kukunja ukingo: geuza kibao, paka gundi ile ziada na mgongo wa mbao, anza katikati ya kila upande mrefu, kona mwisho. Kona inayotokeza nje unakata vipande vya umbo la V ili isifanye uvimbe, kona inayoingia ndani unachanja mistari tu, na mchanjo usifike ukingoni, acha kama milimita 3 la sivyo mbao itachungulia. Kapeti ikiwa nene, pale inapokunjika nyoa manyoya kwa mkasi upande wa nyuma, paneli itakaa bapa. Kuna mafundi wanapiga stepla kila mahali, mimi naona stepla ni za kushikilia tu kona gundi ikikauka, na kwa hewa ya pwani zipate za chuma kisichoshika kutu.

Migongo ya tairi na minara ya shokapu ni hesabu nyingine maana ni mviringo na kapeti nene ya kusokotwa haifuati mviringo. Hapa tumia ile kapeti nyembamba isiyosokotwa, ya kushindiliwa kama blanketi ngumu, inavutika pande zote. Paka gundi, anzia juu kabisa katikati ya mgongo, shika, pasha kidogo kwa blodrai, vuta chini, shika, pasha, vuta. Mikunjo yote isukume iende pembeni ambako itafichwa na sakafu au na paneli ya kona. Mnara wa shokapu hauwezi kuvikwa kipande kimoja, hata usijaribu, ni kipande cha juu na ukanda wa kuzunguka ulioshonwa, mpelekee fundi mwenye cherehani ya ngozi pamoja na patani ya boksi na umwambie mshono ukae upande wa ndani usioonekana kutoka kiti cha dereva. Kingo za kapeti za sakafu mwambie azizungushie utepe wa ngozi ya bandia, zisipozungushiwa zitachambuka baada ya safari chache za ufukweni.

Kama unataka kitu cha kuzuia kelele chini ya kapeti weka shiti za butili (raba nzito inayonata) zenye foili kwenye bati, ukizibonyeza mpaka vile vialama vyake vipotee, hasa tuta la giaboksi ambapo joto la ekzosti linapanda. Juu yake weka povu la seli zilizofungika, ambalo ukilichovya majini linatoka kavu. Sponji ya godoro hapana, naomba.

Sasa matundu kwenye kapeti, sikiliza hii hata kama umeruka kote huko juu. Usipeleke drili kwenye kapeti ya vitanzi. Ncha ya drili inanasa uzi mmoja, na kabla kidole hakijaachia swichi uzi umevutwa mstari mzima kutoka ukingo hadi ukingo, kapeti inabaki na barabara katikati, na hakuna wa kuirudisha. Tafuta tundu kwa msharasi kutoka nyuma ya paneli, litokeze upande wa kapeti, alafu yeyusha nyuzi pale na chuma cha lehemu kilichopata moto, ukizungusha mpaka tundu liwe safi na nyuzi zimeshikana. Kapeti ya pamba au sufu haiyeyuki, hiyo kata kwa ncha ya wembe na upake gundi kidogo ndani ya tundu. Bolti ya mkanda wa usalama inataka tundu kubwa kuliko unavyofikiria, ile sahani ya mkanda ikae chuma kwa chuma na bodi, kusiwe na kapeti katikati, maana kapeti inashindika siku zinavyoenda na bolti inalegea bila wewe kujua.

Na skrubu za sakafu ya buti, rudisha zile zile za zamani. Fundi akikosa moja anachukua ndefu aliyonayo mfukoni, na chini pale, nimeshasema, kuna tangi.

Kurudisha: migongo ya tairi kwanza, minara, kipande cha kusimama nyuma ya viti, kapeti ya sakafu, vifuniko na kibao cha spea, paneli ya taa za nyuma, na paneli za kona mwisho kwa sababu zinalalia kingo za wengine wote. Skrubu zote zishike kwa mkono kwanza ndo ukaze, ukikaza moja mpaka mwisho ya pili haitalingana na tundu. Kapeti za miguuni usizibandike kwa gundi, weka vifungo vya kubana ili siku ukiingia na miguu ya bahari uzitoe uanike. Upande wa dereva kandamiza pedali zote mpaka chini kwa mkono, uone hakuna ukingo unaogusa pedali ya mafuta au kuizuia kurudi juu. Kisha viti, kisha betri.

Acha vioo wazi siku kadhaa kivulini mpaka harufu ya gundi iishe, usifunge gari juani likiwa bichi. Baada ya wiki chache za jua pitisha kidole kwenye kingo zote, hasa juu ya migongo ya tairi. Ukikuta pameanza kuinuka usichomeke gundi mpya juu ya ile ya zamani, funua kidogo zaidi, futa na thina kwenye kitambaa bila kulowesha kapeti, paka pande zote mbili upya, subiri ikauke, bonyeza na uweke kitabu kizito au mfuko wa mchanga juu yake usiku kucha.